Kabati la Viganja

Fundi wa kuchomelea alitumia asubuhi nzima kuing'oa bodi ya nyuma ya pikapu. Bolti zilikuwa nane. Mbili zilikubali spana. Sita zilikuwa zimeliwa na kutu na kugandamana na chuma, akazikata kwa grenda. Bodi iliposhushwa, sakafu yake ilibaki vipande vipande. Kwa miaka kumi na moja mafundi umeme watatu walikuwa wamesafiri humo, wamekaa juu ya ngazi na nyaya, na kupitia matundu ya kutu plaisi na bisibisi zilidondoka barabarani. Bosi hakuamini habari za matundu. Aliamini wizi.

Kwa hiyo aliagiza bodi mpya ya makabati. Ilikuwa nyeupe, makabati matatu kila upande, milango ina mpira wa kuzuia maji, droo zimetandikwa sponji, na kufuli moja lilifunga yote kwa mpigo. Ufunguo alikaa nao Bosi. Sehemu ya watu kukaa haikuwepo, ila nyuma kulikuwa na kibao cha kusimama na bomba la kushikilia.

"Vifaa vimepata nyumba nzuri kuliko yangu," alisema Mzee Fyuzi, mkubwa wa mafundi, na hakuwa anatania. Hata hivyo waliizunguka wakiipapasa. Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Jioni ya kwanza, saa kumi na moja, Mama Stoo alisimama kando ya gari na orodha mpya aliyopewa na Bosi. Alikuwa mwanamke wa mwandiko mzuri, asiye na ubaya na mtu. Alisoma: plaisi sita, zipo. Bisibisi kumi na mbili, zipo. Kipima umeme, kipo. Kisha akasoma, "Viganja, jozi tatu."

Mafundi walitazamana. Mama Stoo akaeleza kwamba Bosi ameona viganja hivyo vimefundishwa kazini, kwa muda wa kampuni, na huko nyuma vilikuwa vikitoroka kufanya vibarua mitaani. Kabati la tatu upande wa kushoto lilikuwa na droo yake, sponji imekatwa umbo la vidole.

"Dole gumba kwanza kwenye kitabu, ndiyo vitoke," alisema. "Msinipe kazi mara mbili."

Walitia dole gumba. Kila mmoja akashika kiganja cha kushoto kwa kile cha kulia, akakizungusha kama balbu, kikatoka. Cha kulia alikizungusha Mama Stoo. Haikuuma. Kilichobaki mwisho wa mkono kilikuwa ngozi laini, kama kisigino cha mtoto mchanga. Shoti, mcheshi wao, alisema alijua Bosi ni mkono wa birika, hakujua kwamba na mikono ya wenzake haiachii. Walicheka, wakaenda makwao. Hewala si utumwa, walisema wahenga. Wahenga hawakuajiriwa pale.

Fundi wa tatu aliitwa Swichi. Jumapili ya wiki hiyo mkewe alijifungua binti, baada ya miaka minane ya kungoja. Muuguzi alimweka mtoto juu ya vigasha vya baba yake, akamwonyesha namna ya kuegemeza kichwa kwenye kiwiko, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Tangu hapo mambo yakawa hivyo. Swichi aliondoka alfajiri mtoto amelala, alirudi jioni bila viganja, na Jumapili gari lilikuwa limefungwa uani. Kazini watoto hawakuruhusiwa. Alijifunza kumbeba kwa vigasha na kumbembeleza kwa kiwiko, na mtoto akazoea kulala shavu lake likiwa kwenye ule mwisho laini wa mkono. Lakini Swichi alitaka jambo moja tu duniani: kuzipapasa nywele za mwanawe kwa vidole vyake mwenyewe. Alilisema kila siku, mpaka mkewe akachoka.

"Nenda kaombe basi. Mkono mtupu haulambwi, na wewe hata huo mtupu huna."

Kulikuwa na fomu. Mahali palipoandikwa "kazi itakayofanywa," Swichi alimwomba Mama Stoo amjazie: kumshika mwanangu. Fomu ilirudi na jibu la Bosi: hiyo si kazi. Aliomba mara nne. Mzee Fyuzi naye aliomba. Mkewe alikuwa kitandani mwezi wa tatu sasa, hajiwezi, akilishwa na jirani, na mzee alitaka kumlisha mwenyewe walau mara moja. Mtoto alipofika miezi mitano Bosi alikubali kwa majaribio. Swichi apewe Jumapili hii, saa sita hadi saa kumi. Mzee Fyuzi, Jumapili itakayofuata.

Swichi alifika nyumbani na viganja vyake, akavinawa kwa sabuni mara mbili. Mkewe alikuwa amemwogesha mtoto na kumvika gauni la njano. Swichi aliketi kitandani, akanyoosha mkono wa kulia. Kiganja kikageuka chenyewe, kikamgusa mtoto paji la uso kwa mgongo wake, upesi, kikarudi nyuma. Ndivyo kilivyofundishwa: kitu usichokijua, kiguse kwanza kwa mgongo wa kiganja, ili kama kina umeme kikutupe.

"Unampima nini?" mkewe aliuliza.

"Si mimi."

Alijaribu tena. Vidole vilipita juu ya mkono wa mtoto vikitafuta pa kuchunia waya. Vilifika kwenye sikio, vikalibana, vikalizungusha taratibu kama vinavyokaza skrubu. Mtoto alipiga ukelele. Alivitazama vile viganja, akamtazama baba yake, akajipinda kumkimbia.

"Vitoe," mkewe alisema kwa upole. Alimsaidia kuvizungusha, akaviweka mezani kando ya chupa ya chai. Mtoto aliporudishwa kwenye vigasha alinyamaza, akautafuta mwisho laini wa mkono, akaulalia. Swichi akalia. Mkewe ndiye aliyemfuta machozi.

Saa saba na nusu alivirudisha, ndani ya mfuko aliouning'iniza begani.

"Umewahi," alisema Mama Stoo. "Una saa mbili na nusu bado."

"Zinatosha nilizopata."

Mama Stoo aliandika saa ya kurudisha, kwa mwandiko wake mzuri.

Jumatatu asubuhi Bosi alikuja mwenyewe, akaegemea bodi nyeupe.

"Nilimpa mwenzenu saa nne," alisema. "Ametumia moja na nusu, akarudisha kwa hiari yake, hakuna aliyemlazimisha. Kumbe hamvihitaji. Fomu zimefungwa. Au nakosea, Swichi?"

Swichi alifungua mdomo. Kueleza kungekuwa kusema mbele ya watu kwamba mwanawe anaogopa viganja vyake. Aliona aibu, nayo ikamshinda.

"Hukosei, Bosi."

Mama Stoo akagawa viganja, na mafundi wakapanda kwenye kibao, wakashika bomba. Gari lilipotoka getini Swichi alikuwa bega kwa bega na Mzee Fyuzi.

"Mama anaendeleaje, mzee?"

"Jirani anamlisha," alisema Mzee Fyuzi, bila kumtazama.