Dozi ya Pili ya Papa Komisere

Jumanne ya kwanza ya Juni, mwaka wa tatu wa vita, Mama Élisabeth alifungua katoni kwa kisu cha vitunguu, akahesabu vichupa themanini. Vilikuwa vya chanjo ya mafua, kwa watoto wa miezi sita mpaka miaka mitatu, zawadi ya shirika moja la ng'ambo. Alivipanga ndani ya frigo inayotumia mafuta ya taa, akaufunga mlango kwa kamba kwa sababu ulikuwa haushiki. Vichupa themanini ni watoto arobaini, maana mtoto anayechanjwa mafua kwa mara ya kwanza huchomwa mara mbili, na kati ya sindano na sindano hupita wiki nne.

Élisabeth alikuwa muuguzi pekee aliyebaki katika kituo cha afya cha mtaa wa wavuvi, pale Kalemie. Daktari alivuka ziwa kwenda Kigoma wiki ile ile waasi walipouchukua mji, akaacha koti lake msumarini.

Kabla ya kumchoma mtoto yeyote, aliwasomea akina mama karatasi iliyokuja ndani ya katoni. Ilikuwa na sehemu mbili. Mtu mzima, ilisema, huenda akaumwa mkono, kichwa na viungo. Mtoto mchanga huenda akavimba kidogo pale alipochomwa, akapata homa ndogo, akakataa kula, akasinzia, akalia bila sababu, akataka kubebwa. Kwa kawaida huisha kwa siku moja au mbili.

"Na kama hataki kushuka mu mugongo?" aliuliza Mouna.

"Umubebe. Siku mbili si nyingi."

Mouna alikuwa mchukuzi wa ndagala. Alitoa magunia ya samaki wakavu kwenye maboti na kuyapandisha mpaka sokoni, na wanaume wa bandarini walimpisha njia. Mume wake, Aboubacar, alikuwa ng'ambo ya ziwa akingoja vita viishe. Mtoto wao, Mahmoudi, alikuwa na miezi tisa, na kifua chake kilipiga filimbi kila upepo wa kiangazi ulipoanza. Alichomwa pajani, akalia jioni ile yote, akabebwa, na kesho yake asubuhi akala uji bakuli zima. Watoto wengine thelathini na tisa walifanya hivyo hivyo.

Vichupa arobaini vikabaki ndani ya frigo, vikingoja Julai.

Jumatatu, siku moja kabla ya tarehe ya sindano ya pili, Komisere Ruphin alifika kituoni na magari matatu. Yeye ndiye waliyemweka waasi kuongoza mji. Alikuwa mtu mnene, mwenye sauti nzuri ya redio, na alikuwa amesikia kwamba mafua makali yamelaza askari walioko kule Bendera mmoja baada ya mwingine. Nyuma yake walishuka makomanda, mkuu wa forodha, wakuu wa biro mbalimbali na mashemeji zao. Katibu wake, Cyrille, alikuwa na orodha. Majina yalikuwa arobaini.

"Papa Komisere, hizi njo za watoto," alisema Élisabeth. "Ya kwanza wamepata. Bila ya pili, ya kwanza haina nguvu. Na kwa muntu muzima dozi hii ni ndogo."

"Mama, sisi wote ni watoto wa inchi hii," alisema Ruphin, na wenzake wakacheka.

Askari mmoja alikuwa ameshafungua kamba ya frigo. Élisabeth aliosha mikono, akachukua ile karatasi, maana utaratibu ni utaratibu. Aliwasomea sehemu ya watoto wachanga, kwa kuwa dozi zilikuwa za watoto wachanga. Ruphin alimwambia asome mbio mbio. Kisha akakunja shati.

Siku ya pili yake akina mama arobaini walipanga mstari kuanzia saa moja asubuhi. Élisabeth alisimama mlangoni akawaambia ukweli, bila kuuzungusha.

"Sindano ya mutoto yangu iko wapi?" aliuliza Mouna.

"Iko ku mukono ya Papa Komisere."

Mouna aliuliza kama inaweza kutolewa. Élisabeth alisema haiwezi.

Saa kumi ya jioni hiyo hiyo, Ruphin alikuwa bironi kwake akiongoza mkutano juu ya vizuizi vya barabara ya kwenda Kiambi. Alikuwa anaeleza kwamba kila kizuizi ni usalama. Katikati ya neno usalama alianza kulia. Alilia kwa sauti ile ile nzuri, mdomo wazi, macho yamefumbwa. Cyrille alimpa maji, akayasukuma. Wakampa nyama choma, akageuza uso. Upande wa pili wa meza mkuu wa forodha naye akaanza, na katika dakika kumi kilio kilikuwa kimeenea ghorofa zote mbili.

Élisabeth aliitwa. Alipima homa, ikawa thelathini na nane. Alitazama mkono, ukawa umevimba kidogo, mwekundu.

"Inaandikwa," alisema, akawaonyesha mstari kwa kidole. "Anataka kubebwa."

Cyrille alisoma mstari ule, akaona ni kweli. Mlinzi mmoja alijaribu kumbeba, lakini bunduki ilimchoma komisere tumboni, kilio kikazidi. Bibi Komisere alikuwa Goma kwa ndugu zake. Ndipo mtu mmoja akamtaja mwanamke wa ndagala, yule anayepandisha magunia mawili kwa safari moja.

Kazi hiyo iliitwa salongo, kama kazi nyingine zote ambazo mji ulifanya kwa lazima bila malipo. Wanawake arobaini waliandikwa. Mouna alipewa Ruphin. Vitenge viwili viliungwa kwa fundo, komisere akalazwa mgongoni, miguu yake ikafika karibu na vifundo vya Mouna, maana karatasi haikusema kwamba mtu hupungua uzito. Mahmoudi alihamishiwa kifuani, ndani ya kitenge cha tatu. Mouna aliinuka kwa kujisukuma na ukuta, akaanza kutembea uani. Ruphin alikohoa mara mbili, akanyamaza, akalala.

Mji ulizoea upesi. Asubuhi watu waliwaona wakubwa wao wakipita migongoni mwa wanawake kwenda bironi, wakawaamkia, "Jambo Papa Komisere, jambo Mama," wakaendelea na njia. Yule aliyetaka karatasi isainiwe alimfuata Mouna, akasubiri afike kivulini. Ruphin alisaini akiegemeza daftari juu ya kichwa cha Mouna. Vizuizi vya barabarani viliongezeka kutoka sita kuwa tisa.

Siku ya tatu Élisabeth alikuja na kipimajoto. Homa haikuwepo tena. Mkono ulikuwa mzima.

"Papa, imeisha. Unaweza kushuka."

Ruphin aliweka shavu lake begani kwa Mouna.

"Karatasi inasema siku mbili namna gani?"

"Kwa kawaida, siku moja ao mbili."

"Kwa kawaida," alisema Ruphin. "Mimi si muntu wa kawaida. Andika kama inaendelea."

Cyrille akaandika kwamba inaendelea. Mpaka mchana, ilikuwa inaendelea kwa wote arobaini.

Wiki hiyo boti moja lilileta wakimbizi kutoka kaskazini, na mafua makali yakashuka pamoja nao. Watu wazima walilala siku nne, tano, wakaamka wamekonda. Kwa watoto ilikuwa tofauti, na watu walichelewa kuiona, kwa sababu watoto hawakulia. Asubuhi, mchana na jioni kilio kilisikika kutoka majumba ya wakubwa, lakini mtaani watoto walikaa kimya, macho wazi, midomo mikavu. Mama mmoja aitwaye Viviane aliuza mihogo soko zima akidhani binti yake amelala. Alipomshusha alikuta ameshapoa.

Baada ya hapo Élisabeth alipita nyumba kwa nyumba akiwagusa watoto paji la uso, maana mkono tu ndio uliweza kujua. Alimkuta Mouna uani kwa komisere, mizigo yake miwili imelala, mmoja mbele, mmoja nyuma. Aliingiza kiganja ndani ya kitenge cha mbele.

"Ana joto tangu lini?"

"Sijui. Hajalia," alisema Mouna. "Zamani alikuwa analia ukimuchelewesha kunyonya tu. Sasa anafungua kinywa, hakuna kitu inatoka."

"Sauti iko ku biro," alisema Élisabeth, akatoa dawa ya homa.

Kifua cha Mahmoudi kilipiga filimbi siku zote kumi zilizofuata. Mouna aliomba abaki nyumbani kwake. Cyrille alimweleza kwa upole kwamba Papa Komisere amemzoea, na mtoto aliyezoea mgongo si vizuri kumbadilishia. Basi akaomba kitu kingine. Alimwomba Ruphin mwenyewe, wakiwa wanapanda kilima cha biro, akisema neno moja kila hatua.

"Papa. Andikia wale wazungu. Watume dozi ingine. Ya watoto."

Ruphin alikuwa ametoka kulala na roho yake ilikuwa nzuri.

"Njo maneno ya hekima hiyo," alisema. "Cyrille, andika."

Barua iliandikwa pale pale na kupigwa muhuri. Ilisema kwamba watoto arobaini wa Kalemie walichanjwa, wakapata madhara yaliyotarajiwa, na sasa wanangojea dozi ya pili. Élisabeth aliisoma, akaona hakuna neno la uongo ndani yake, na hilo lilimsumbua kidogo. Hata hivyo aliipeleka mwenyewe kwa nahodha wa boti la Kigoma. Mouna alimtolea nahodha gunia dogo la ndagala ili asisahau.

Jumatano iliyofuata kifua cha Mahmoudi kiliacha kupiga filimbi. Mouna alikuwa anamzungusha Ruphin chini ya miti ya ua wa biro, akahisi kimya kile kabla ya kukisikia. Alisimama. Alifungua kitenge cha mbele, akatazama. Kisha akapiga magoti, akafungua fundo la kitenge cha nyuma, akamwacha komisere aketi katika majani, akatoka getini na mtoto wake mikononi. Walinzi hawakumzuia. Nyuma yake Ruphin alilia kwa nguvu sana, na ghorofa zote mbili zikamwitikia.

Mahmoudi alizikwa kabla ya magaribi. Shehe wa mtaa aliomba dua kwa sauti ya juu kuliko desturi yake, ili ishinde kile kilio. Mouna alipewa siku tatu. Siku ya nne askari wawili walikuja kumchukua, na mmoja wao, kijana wa Manono, alibeba vitenge vyake kwa heshima mpaka bironi.

Katoni ilifika wiki nne kamili baada ya sindano za wakubwa. Vichupa vilikuwa arobaini, na kila kimoja kiliandikwa kuwa ni cha watoto. Élisabeth aliwaita akina mama asubuhi na mapema. Walikuja ishirini na tisa. Wengine hawakuwa na wa kumleta. Alikuwa ameshavuta dawa kwenye sindano ya kwanza magari matatu yalipofika, na nyuma ya magari, kwa miguu, wanawake arobaini na mizigo yao.

"Papa, hapana," alisema Élisabeth. Mara hii alisimama mbele ya frigo. "Hapana. Nimezika watoto kumi na moja."

Cyrille alifungua kabati, akatoa daftari la chanjo. Alisoma bila hasira, kama mtu anayesoma misa.

"Mutoto anayechanjwa mafua kwa mara ya kwanza anachomwa mara mbili, na wiki nne katikati. Mama Élisabeth, si wewe uliyesema? Bila ya pili, ya kwanza haina nguvu. Hawa wote wamepata ya kwanza. Leo njo wiki nne yao." Alionyesha akina mama waliosimama ukutani. "Wale wamepita tarehe."

Élisabeth alitafuta katika utaratibu mahali pa kumjibu, asipate. Askari wawili walimsogeza kando kwa kumshika viwiko, kisha wakamrudisha, kwa kuwa hakukuwa na mwingine aliyejua kuchoma.

Mouna alikuwa wa kwanza katika mstari. Mgongo wake ulikuwa umenyooka. Ruphin alitazama mji kutoka begani kwake, akiwa ameridhika.

"Leo unatembea muzuri," alimwambia. "Siku zile ulikuwa unayumba."

"Siku zile walikuwa wawili, papa."

"Ah." Alifikiri. "Ni kweli. Kulikuwa na miguu ilikuwa inanigonga. Hivi njo muzuri zaidi."

Mouna aligeuka ubavu, ili mkono wa komisere uwe karibu na sindano, na alipohisi misuli ya mkono huo inakaza kwa woga, mikono yake mwenyewe, bila kumwuliza, ikaanza kumpigapiga makalio polepole kama anavyotulizwa mtoto.

Ripoti ilitumwa ng'ambo mwezi wa Agosti. Ilisema watoto arobaini, dozi mbili kila mmoja. Uvimbe kidogo, homa kidogo, kilio. Vifo, hakuna. Élisabeth aliandika pembeni jina la Mahmoudi na majina mengine kumi, kwa kalamu. Cyrille aliyakata taratibu, akamweleza kwamba hao hawakumaliza chanjo, kwa hiyo hawahesabiwi.

Shirika lilijibu kwa barua nzuri yenye picha ya mtoto anayecheka. Lilipongeza mji wa Kalemie kwa kumaliza kazi hiyo katikati ya vita, likaahidi kutuma katoni nyingine mwaka unaofuata. Cyrille alimsomea Ruphin uani, akitembea kando ya Mouna, na ilimbidi aisome mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza komisere alikuwa amesinzia.