Jeli ya Kijani kwenye Msiba wa LaMont

Lugha yetu ina neno moja kwa vitu viwili, kwa hiyo nitasema polepole: Thayne Sorensen wa Alder Flat, Utah, alikuwa akitengeneza risasi zisizo na risasi. Zilikuwa za shaba tupu kuanzia puani hadi kitakoni, na alizipakia mwenyewe gerejini, ganda kwa ganda, kwa mashine ndogo ya mpini aliyoifunga kwenye meza ya kukunjia nguo. Aliyezitaka ni mkewe, Norlene. Hakutaka nyama yenye vumbi la risasi, ile metali ya sumu, na mwaka huu nyama ingekuwa yake. Alianza kuomba kibali cha kuwinda elki, yule paa mkubwa kama ng'ombe, tangu watoto wao wangali shuleni, na sasa bahati nasibu ya serikali ilikuwa imetoa jina lake. Bega lake lilikwisha pasuliwa, halivumilii bunduki ndefu, basi angewinda kwa bastola. Siku yenyewe ni Jumamosi.

Lakini alimwekea mumewe sharti. "Mzee, shaba ni ngumu. Nionyeshe moja iliyofunguka, ndipo nitapakia bastola. Kama huna, nabaki nyumbani. Simtoboi mnyama wa Mungu tundu la sindano akafie mbali."

Alikuwa na haki. Risasi ya shaba ina tundu puani. Ikiingia mwilini kwa kasi, umajimaji hujaa tunduni na mbavu zake hukunjuka kama ua la majani sita. Ikiingia kwa uvivu, hupita kama msumari. Na kila mpakiaji wa kule hujaribu risasi zake kwa jeli, kwa kuwa jeli nzito hufanana na nyama. Ule unga mweupe wa jeli ulikuwa umekwisha dukani, basi Thayne akajazia pakiti za jeli ya ndimu, ile tamu ya kula, alizozikuta kabatini kwa mkewe. Likatoka bonge la kijani.

Alhamisi asubuhi alilisimamisha bonge mbele ya tuta la udongo nyuma ya nyumba, akalitangulizia kitambaa cha jinzi kilichokunjwa mara nne kama ilivyo desturi, akafyatua. Risasi ikazama katikati ya jeli, isionekane, maana jeli yenyewe ilikuwa na ukungu. Kabla hajachukua kisu, askofu wa kanisa lao la mtaa akampigia simu: aje kupanga viti kanisani, mchana wanamzika jirani yao, Ndugu LaMont. Thayne akalirudisha bonge kwenye trei, trei akaitia kwenye friji ya gereji, akaenda zake.

Aliporudi kubadilisha nguo, friji ilikuwa tupu. Akina dada wa kanisa walikuwa wamepita kuchukua trei za jeli alizoziandaa Norlene kwa ajili ya msiba, nao hawakuacha kitu.

Thayne alijikaza kisabuni wakati wa mazishi. Walipoingia ukumbini kula, alikwenda moja kwa moja kwenye meza ndefu, akapita nyama na viazi vya jibini bila hata kuvitazama. Bonge lake lilikuwa pale, limekatwa vipande, limenyunyiziwa karoti.

"Hii ilikuwa na shimo," alisema Dada Arvilla, mkuu wa jikoni, mwanamke ambaye hata askofu humwomba ruhusa ya kuchukua chumvi. "Mjukuu wenu gani anachomeka kidole kwenye chakula cha wafiwa?"

"Ni mimi, dada."

"Mzee mzima. Tumeziba kwa krimu."

"Basi nipe yote. Niliyeharibu nile mwenyewe."

"Ungojee wafiwa kwanza. Una nini leo?"

Alikuwa na hofu mbili, na ni aibu kusema ipi ilikuwa kubwa. Ukumbi ulijaa wazee wenye meno ya bandia, na mmoja wao angeweza kuuma shaba. Hilo lilimsumbua. Lakini lililomkata maini ni kwamba mtu angeimeza ile risasi naye asijue kama ilifunguka, na Norlene abaki nyumbani Jumamosi.

Vipande vikasambaa. Jeli ilikuwa nzito kiasi cha kurudisha kijiko. Kila mtu alitafuna, akapumzika, akatafuna tena, na hakuna aliyelalamika, kwa sababu Alder Flat mtu anaweza kuisema vibaya serikali na hata mvua, lakini si jeli ya msibani.

"Ina msimamo," alisema askofu, akijishika taya. "Kama marehemu."

"Hiki cha bluu ni beri?" aliuliza mzee mmoja, akiinua kipande cha jinzi kwenye uma.

"Ya porini," alisema Thayne. "Usiimeze, ni ya harufu tu."

Alirudi mezani mara kwa mara. Alikula vipande vya wenzake, akaomba masalio, akachokonoa krimu kwa kidole. Dada Arvilla akamwekea mkono begani, machozi yakimlengalenga. "Sikujua kama mlipendana hivyo na LaMont."

"Nani asingempenda," alisema Thayne, ambaye marehemu aliwahi kumfungia maji ya mfereji kiangazi kizima.

Ndipo alipomwona Norlene, ameketi kando ya mjane, ameacha kutafuna ghafla. Norlene alimtazama mumewe kwa muda mrefu. Shavu lake la kushoto lilikuwa limevimba kidogo.

"Umekutana na kokwa?" Dada Arvilla alimuuliza.

"Mm," alisema Norlene. Kutema mbele ya mjane asingeweza, basi akaihifadhi pale pale shavuni.

Ukafuata wimbo, beti zake zote. Norlene aliimba kwa upande mmoja wa mdomo, na katikati ya ubeti Thayne aliuona ulimi ukitembea ndani ya shavu, ukipapasa. Alikuwa akitafuta majani ya lile ua. Thayne hakuwahi kumtamani mkewe wala kumwogopa kama alivyomtamani na kumwogopa wakati huo. Ikaja sala ya kufunga, na askofu hakuwa mtu wa sala fupi.

Ndani ya gari Norlene alifungua kiganja cha mumewe, akaitema humo. Ilikuwa laini, nzima kama siku alipoipakia, tundu lake limezibwa kwa nyuzi za jinzi na jeli ya ndimu.

"Niliijua tangu ubeti wa kwanza," alisema. "Kama kidonge."

Thayne aliigeuzageuza kiganjani.

"Umepunguza baruti."

"Kifundo cha mkono wako, Norlene. Baridi yabisi ile. Bastola inaurusha mkono. Usiku unalia, unadhani nimelala."

"Na mkono ni wa nani?"

"Wako."

"Nani alikuomba uupunguzie? Miaka yote hii nangojea mnyama mmoja, wewe unanipakia huruma." Akageukia dirishani. "Ungeniuliza tu, mzee. Ningekwambia acha."

Thayne aliona haya kweli, haya ya kutoka moyoni, akasema hivyo hivyo: "Naona haya."

"Vema. Washa gari. Jeli napika mimi, wewe pima baruti inayostahili."

Ijumaa asubuhi Norlene alisimama mbele ya tuta mwenyewe, akashika bastola kwa mikono miwili, akafyatua. Bastola iliruka hadi usawa wa kofia. Thayne akapiga magoti, akaikata jeli kwa kisu cha mkate, akatoa ua la shaba lenye majani sita, kali kiasi cha kumchana kidole. Alipogeuka kumwonyesha, Norlene alikuwa amekwisha keti nyasini karibu naye, amezamisha mkono wake kwenye kile kipande baridi cha jeli kilichobaki, mpaka juu ya kifundo, machozi yanamtiririka.

"Inauma?" aliuliza Thayne.

"Sana," alisema Norlene. "Nipakilie nyingine kama hiyo hiyo."

Akaenda gerejini akampakilia.