Kofia ya Kauthar

Basi lilikuwa limesimama, kuku wanapigapiga mabawa, na abiria mmoja ameshatoa kichwa dirishani anauliza bei ya jogoo, lakini Eliza hakumsikia. Alikuwa amewashika kuku wake miguu, vichwa vinaning'inia, na mwanawe Peniel amelala mgongoni. Macho yake yalikuwa ng'ambo ya barabara, kwenye baraza ya mashine ya kukamua alizeti. Pale Mwantum alikuwa amekaa mkekani akimnyonyesha binti yake, Kauthar.

"Mama, nakuuliza wewe," abiria alisema.

Flora, muuza mayai ya kuchemsha, akamsukuma Eliza kwa kiwiko. "Mwenzangu, amka, mteja huyo. Au bado uko kwenye ile bahasha yako?"

Wanawake wa stendi wakacheka. Iguguno nzima ilijua habari za bahasha, maana Eliza mwenyewe ndiye aliyezitangaza. Mdomo wake, Mungu amsamehe, haukuwahi kuwa na komeo.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Eliza na Mwantum walijifungua msimu mmoja, na watoto wao wote wawili wakaanza kukua vichwa kuliko miili. Kabla ya hapo walikuwa wakisalimiana tu, mmoja muuza kuku, mwingine mke wa mwenye mashine, kila mtu na njia yake. Ugonjwa ukawafanya ndugu. Walisafiri pamoja hadi hospitali kubwa, wakalala kwenye korido moja, wakala sahani moja. Mwantum ndiye aliyekuwa akimpokea Eliza mtoto ili naye aoge.

Kule wakakuta madaktari wa ubongo na uti wa mgongo wanafanya utafiti. Dokta aliwachorea kichwa kwenye karatasi, akawaonyesha jinsi maji ya ubongo yanavyokosa njia yakarundikana. Tiba ni mbili, alisema. Ya kwanza ni mpira mwembamba unaopitishwa chini ya ngozi kutoka kichwani mpaka tumboni, maji yashukie huko. Ya pili ni kuingiza kamera ndogo, kutoboa kinjia humohumo ndani, kisha kufunga bila kuacha kitu chochote mwilini.

"Sasa ipi inawafaa zaidi watoto wetu wa huku?" Dokta alisema. "Bado tunatafuta jibu, ndiyo maana mnaona tunafanya utafiti. Sisi hatuchagui, na nyinyi hamchagui. Bahasha ndiyo inachagua."

Bahasha zilikuwa mezani kwa Sista Theodora, muuguzi wa wodi, zimepangwa, zimefungwa kwa gundi, kila moja na jina la tiba ndani. Eliza alikuwa mbele. Kauthar alikuwa akilia kilio cha kukata pumzi, na Mwantum akamgusa mwenzake bega.

"Mama Peniel, nipishe. Huyu hanyamazi."

Eliza akampisha. Sista Theodora akachana bahasha ya juu, ikatoka kamera. Akachana iliyofuata, ya Peniel, ukatoka mpira.

Mtu mwingine angesema ndivyo Mungu alivyopanga, akafunga mdomo. Lakini Eliza alikuwa amekulia stendi, na stendi ina sheria yake: aliyetangulia dirishani, mteja ni wake. Ukipisha hata kuokota kandambili yako, umempa mwenzako riziki, na huna pa kudai. Eliza hakuwahi kumpisha mtu dirishani tangu aanze kuuza kuku. Siku moja tu alipisha, na siku hiyo haikuwa ya kuku.

Wakarudi Iguguno. Peniel alirudi na mstari nyuma ya sikio, umetuna chini ya ngozi na kuteremka shingoni. Kila akipata homa, Eliza hakujua kama ni malaria au mpira umeziba. Kauthar alirudi na kovu la kufunikwa na kidole. Mwantum hakujivuna, na hilo ndilo lililomkera Eliza zaidi. Angejivuna, angemchukia kwa raha zake.

"Ile kamera ilikuwa ya Peniel," Eliza alisema bombani, ndoo zikiwa kwenye foleni. "Mwanangu anatembea na mpira wa mtu."

Maneno hayakukaa bombani. Yalifika barazani kwa Mwantum kabla ndoo ya Eliza haijajaa. Toka siku hiyo Mwantum hakumwita tena kunywa chai, na Kauthar akaanza kuvaa kofia. Kofia ya sufu ya bluu, iliyofumwa na mama yake mwenyewe, imevutwa mpaka kwenye nyusi na kufunika masikio, katika jua la Singida linalopasua mawe. Kila mtu alijua kofia ile ni ya kumkinga mtoto na jicho la nani. Asivuliwe nje, Mwantum alisema, asivuliwe mbele ya watu.

Ilimuuma Eliza. "Mimi sina jicho," alimwambia Flora. "Nina uchungu."

Lakini kutazama alitazama. Tusifichane, alitazama kupita kiasi. Basi likiondoka, macho yanavuka barabara. Alijua Kauthar amekaza shingo lini, ameanza kucheka kwa sauti lini, anapenda kulalia ubavu gani. Siku Kauthar alipokaa bila kushikwa, Peniel akiwa bado anaangukia mto, Eliza aliunguza uji, akamfokea Peniel, kisha akamkumbatia akalia. Mumewe Stefano hakuwepo wa kumwambia anyamaze. Alikuwa Sekenke akichimba dhahabu ambayo kila mwezi ilikuwa karibu kupatikana.

Asubuhi hii, basi likiwa limesimama na abiria anangoja, kilichomkamata macho ni kofia. Masikio ya Kauthar yalikuwa nje. Yote mawili. Kofia ilikuwa imepanda, imekaza, nyuzi zimeachana kwenye paji. Na kofia ya sufu haipungui kwa kuvaliwa, hulegea. Eliza akatazama tena. Kauthar akaacha ziwa, akatapika. Hakucheua kama wanavyocheua watoto wote, maziwa yaliruka mpaka nje ya mkeka. Mwantum alipomfuta, macho ya mtoto yakashuka, weupe ukaonekana juu na kiini kikazama chini, yakabaki hivyo.

Sista Theodora aliwaambia wote wawili, siku ya kuruhusiwa: mkiona macho yanazama hivi, msingoje tarehe ya kliniki. Njooni, hata aliyetobolewa kwa kamera, maana kile kinjia huweza kujifunga.

Kitu cha kwanza kilichomjia Eliza kilikuwa furaha. Ilipanda kifuani kwake ya moto na tamu, akaisikia mpaka kooni. Kumbe na kamera nayo. Kumbe hakuibiwa kitu. Akamgeukia abiria, akamuuzia jogoo, akamchekea, na Flora akashangaa kumwona anacheka.

Basi likaondoka. Furaha ilikwisha kabla vumbi la basi lile halijatua.

"Ataona mwenyewe," Eliza alisema.

"Nani ataona nini?" Flora akauliza.

Eliza akawashika kuku upya miguu. Alijipangia maneno moyoni. Mwantum ni mama, ataona. Mumewe Abdulmajidi ana macho, ataona. Halafu akakumbuka kwamba mchana kofia haivuliwi, na usiku taa ya mtu mwenye usingizi haioni kitu. Akienda yeye kusema, ataambiwa nini? Husuda. Nani atamwamini mwanamke aliyetangaza bombani kwamba ameibiwa? Basi la Nzega likaja, akauza tetea. Likaja jingine, hakuuza. Jua likapanda. Ng'ambo ya barabara Kauthar alikuwa akilia, kilio chembamba kisicho na nguvu, na Eliza akakifahamu. Peniel alilia hivyo kabla ya kupasuliwa.

Akawatupa kuku tengani, akavuka barabara na Peniel mgongoni.

"Hodi, Mama Kauthar."

Mwantum akaivuta kwanza kofia, ndipo akaitika. "Karibu." Hakumwonyesha mkeka.

"Mtoto ametapika."

"Meno hayo."

"Analia tangu lini hivi?"

"Mama Peniel, umefuata mashudu ya kuku? Baba Kauthar yuko ndani, atakupimia."

"Mvue kofia nimwone utosi."

Mwantum akamkumbatia mtoto. Hakupaza sauti, hakuwa mtu wa kupaza sauti. "Umesema bombani, nikanyamaza. Umesema stendi, nikanyamaza. Leo umekuja mpaka barazani kwangu kumtabiria mwanangu. Moyo wako utatulia lini, Eliza? Mpaka naye awekwe mpira?"

Neno lile liligonga palepale, kwa kuwa lilikuwa kweli. Eliza alikuwa ameliomba. Si kwa mdomo, lakini alikuwa ameliomba. Abdulmajidi akatoka ndani akifuta mafuta mikononi, na wateja wenye magunia ya alizeti wakasogea kama watu wanavyosogea penye ugomvi.

"Shemeji, kuna nini?" Abdulmajidi aliuliza.

Angeweza kuondoka. Mtu mwenye heshima yake angeondoka, amwachie Mungu. Eliza akajifunga khanga vizuri kiunoni.

"Ni kweli nina wivu," alisema. "Toka bahasha ilipochanwa sijalala usingizi wa maana. Nikiamka, kabla sijamtazama wa kwangu, najiuliza Kauthar leo amefanya nini. Wewe ni mama yake, ukimtazama unamwona mzuri. Mimi namtafuta kasoro. Kila siku namtafuta kasoro, Mwantum, na kila siku naikosa, narudi nyumbani nimenuna. Leo nimeiona. Hakuna mtu Iguguno hii aliyekitazama hicho kichwa kama mimi. Hata wewe."

Mashine ndani iliendelea kuunguruma. Flora, ambaye alikuwa amevuka barabara na ndoo yake ya mayai ili asikose neno, akasema polepole, "Wazee walisema mchawi mpe mtoto akulelee." Siku nyingine watu wangecheka.

Abdulmajidi akapiga magoti mkekani. Mwantum alimzuia mkono, kisha akauachia. Kofia haikutoka kwa mara ya kwanza, ikabidi aizungushe, na ilipotoka iliacha alama nyekundu kuzunguka paji lote. Utosi ulikuwa umeumuka na kukaza kama andazi lililokaa juani, mishipa imesimama pembeni. Mwantum akaweka kiganja, akakiondoa haraka.

"Mimi nilijua kofia imenywea kwa kufuliwa," alisema.

Abdulmajidi alikwenda kutafuta gari. Mwantum alifunga nguo za mtoto kwenye kitenge, akafungua, akafunga tena, na gari lilipokuja alisimama mlangoni pake.

"Twende wote," alimwambia Eliza.

"Mimi?"

"Sista atauliza ilianza lini. Mimi sijui. Wewe unajua."

Eliza akamwachia Flora kuku.

Na kweli, hospitalini Sista Theodora aliuliza. Alimpima Kauthar kichwa kwa utepe, akatazama, akatazama tena, akampigia dokta simu, huku akiuliza maswali. Mwantum alikuwa akimgeukia Eliza kila mara. Alianza lini kutapika? Wiki hii, asubuhi asubuhi, Eliza alisema, kwanza kidogo, leo ndiyo yameruka. Kukaa? Ameacha kukaa tangu juzi, anaegemezwa. Kofia? Ijumaa ya juzi masikio yalikuwa ndani. Sista akamtazama.

"Wewe ni dada yake?"

"Jirani," Eliza alisema.

Dokta akasema kinjia kimejifunga. Hutokea kwa baadhi yao, alisema, na hilo nalo ni sehemu ya jibu wanalolitafuta. Sasa hakuna bahasha. Atawekwa mpira.

Eliza akaisubiri ile furaha ya asubuhi. Aliisubiri kwa woga, kama mtu anayesubiri kichefuchefu, lakini haikuja. Ilikuja hofu ya homa, hofu anayoijua vizuri, safari hii kwa watoto wawili. Mwantum hakulia. Aliuliza tu kama mpira unauma, na kabla dokta hajajibu, Eliza akasema, "Siku za mwanzo. Halafu wanasahau wao, tunabaki kukumbuka sisi."

Kesho yake mchana Kauthar alirudishwa wodini, nusu ya kichwa imenyolewa, bandeji nyeupe, amelala. Abdulmajidi alikuwa ameleta chai na chapati. Alimmiminia mkewe, akaipuliza, akamshikisha kikombe mkononi. Eliza alitazama kile kikombe. Akamfikiria Stefano, ambaye hata simu aliyompigia kumweleza yuko wapi hakuipokea, na akasikia kitu kinamchoma ubavuni, kidogo tu, akakitambua. Jamani, mtu na tabia yake. Kikombe cha pili Abdulmajidi alimpa yeye, kwa mikono miwili, na akanywa.

Wakati wa adhuhuri Abdulmajidi alitoka kutafuta msikiti. Mwantum akasimama, akajinyoosha mgongo, akaangalia kitanda, akaangalia mlango, akakaa tena.

"Nenda," Eliza alisema. "Kanawe uswali. Hujafumba macho toka jana."

"Na huyu?"

"Niko hapa."

Mwantum akafika mlangoni, akageuka. Uso wake ulikuwa umechoka kiasi kwamba Eliza hakuweza kujua kama ni ombi au ni amri.

"Mtazame," alisema. "Mtazame hivyohivyo unavyomtazamaga."

Akatoka. Eliza akamfungua Peniel mgongoni, akampakata. Akaivuta stuli mpaka magoti yake yakagusa chuma cha kitanda, akainama, macho yakaanza na bandeji ya Kauthar, yakateremka polepole.