Gari la Zuberi Linakunywa Oili

Oili inayovuja haina siri. Unafuta mota kwa kitambaa, unaiwasha, unangoja kidogo, halafu unafuata mchirizi kwenda juu mpaka unafika pale unapoanzia. Hivyo ndivyo Eugène alivyojua kwamba lori la askari lilikuwa linakwenda kufa. Sili ya nyuma ya mota, ule mpira wa kuzuia oili, ilikuwa imekwisha, nayo huifikii mpaka uteremshe giaboksi, na nani angeteremsha giaboksi huku bunduki zinalia upande wa Lulimba? Tangu wamchukue kwake Fizi kwa nguvu, kazi yake ilikuwa kukinga oili kwa sufuria chini ya lori na kuirudisha juu, chafu vilevile.

Komanda alikuwa amechoka na sufuria hiyo.

"Fundi," alimwambia walipoingia Baraka asubuhi, "unitafutie gari ya kufika Lulimba. Ukiipata, mi nakuacha. Utarudia kwa bibi yako leo leo."

Eugène hakuwa mtu wa kuamini maneno ya wenye bunduki, lakini haya aliyaamini, kwa sababu aliyataka mno. Kutoka Baraka hadi Fizi, mtu mwenye sababu anafika kwa miguu kabla ya giza. Kwa mawazo alishamwona mkewe Fanny mlangoni akimpokea kwa matusi kwanza na machozi baadaye, kama kawaida yake.

Gari lilipatikana katika ua wa Zuberi, dereva wa siku nyingi pale Baraka. Ilikuwa pikapu kuukuu ya petroli, ya kuzungushwa kwa manivela, kile chuma cha mkono, betri ikigoma, na ndiyo iliyobeba wagonjwa wa vijijini kuwafikisha hospitali. Zuberi alisimama kando yake na mkewe Mwanahamisi. Wote wawili walikuwa wametulia kupita kiasi.

"Gari ilishakufa, Komanda," Zuberi alisema. "Iko natoa moshi tu."

"Washa."

Akawasha. Nyuma ukatoka moshi wa buluu, mzito, hata askari wakaziba pua. Eugène akalala chini, akachungulia tumbo la mota. Pakavu, hakuna tone. Basi halikuvuja. Oili ilikuwa inaungua ndani, na hapo fundi yeyote anawaza ringi za pistoni au valvu. Akamwambia Zuberi akanyage mafuta. Moshi ukazidi, dalili ya ringi. Lakini mlio! Mota yenye ringi zilizokwisha huvuta kwa taabu, na ukifungua kifuniko cha kumwagia oili inakupumulia moshi usoni. Eugène alifungua kifuniko hicho. Hapakutoka kitu. Mota iliunguruma kwa afya tele.

Mtu alikuwa anamdanganya, na kwa ustadi. Akafungua filta ya hewa. Filta zile za zamani hukaa na oili kidogo chini yake ili inase vumbi, na kuna alama ya kukuonyesha kikomo. Hii ilikuwa imejazwa hadi ukingoni. Mota ilikuwa inavuta hewa na oili kwa pamoja, na hakika ingetoa moshi wa buluu hata kama ingekuwa imetoka kiwandani jana. Eugène akainua macho. Nyuma ya kioo Zuberi alikuwa anamtazama.

Mjanja wewe, Eugène alisema kimoyomoyo, karibu acheke. Halafu akamkumbuka Fanny, na kicheko kikakauka. Neno moja tu lilitosha. Mwaga oili hii, gari zima, kwaheri.

"Komanda, na dereva?" aliuliza bila kugeuka.

"Gari inajiendesha yenyewe? Ye tunaenda naye."

Eugène aliganda na kifuniko cha filta mkononi. Siku askari walipoingia Fizi wakiuliza nani anajua mota, jirani yake Bonaventure alinyoosha kidole kwenye ua wake. Kidole tu, wala hakufungua mdomo. Usiku na mchana Eugène alikuwa amekichukia kidole kile, na alikuwa ameshapanga maneno ya kumwambia mwenyewe wakikutana. Sasa alitazama mkono wake mwenyewe, uliojaa oili, na akaona uchungu mkubwa, kwa maana alitaka kwenda nyumbani, alitaka mno, na Zuberi huyu hakuwa ndugu yake wala rafiki yake.

"Fundi! Iko nini?"

Akarudisha kifuniko cha filta.

"Segimenti, zile ringi za pistoni, zilikwisha, Komanda. Mota inakunywa oili yake."

Komanda hakuwa mjinga. Alivuta kiti cha Mwanahamisi, akaketi mbele ya pikapu. "Aache inaunguruma. Mi iko naangalia."

Jasho likamtoka Eugène. Oili iliyozidi mle ndani ya filta ilikuwa na mwisho wake. Ingeungua yote, moshi ungekatika, na mbele ya macho ya Komanda maiti ingefufuka. Tayari moshi ulionekana kuwa mwepesi kuliko mwanzo, au ilikuwa hofu yake.

"Zima!" alimfokea Zuberi. "Unataka itulipukie?" Akamgeukia Komanda. "Moshi unaweza kudanganya muntu. Mi nakuonyesha kwa mukono yako mwenyewe."

Akafungua buji zote nne, zile plagi za kuwashia mota. Zilitoka nyeusi, zimelowa, na moja aliifuta kwenye kiganja cha Komanda ili aone mafuta. Kisha akainamia mota, mgongo wake ukimkinga na macho ya watu, akazirudisha buji kwa vidole tu, mizunguko miwili kila moja, bila kuzikaza. Vidole vilikuwa vinateleza. Moja nusura imponyoke. Zuberi, aliyekuwa amesogea karibu, aliona, akashusha macho haraka.

"Zungusha," Eugène akasema, akampa Komanda manivela.

Komanda akatanua miguu, akazungusha. Manivela ikaenda mzunguko mzima bila ubishi, na ndani ya mota kukasikika sauti ya hewa inayotoroka, fsss, fsss.

"Unasikia? Ni pumzi, inapita pembeni ya pistoni. Mota nzima ingekurudishia manivela, ingekuvunja mukono."

Komanda akazungusha tena. Eugène alibana pumzi, kwani mtu akiinama kidogo tu angeona hewa inarusha oili kwenye mizizi ya buji. Hakuna aliyeinama. Komanda akaitupa manivela chini, akatema mate.

"Bahati yako mubaya, fundi. Hii gari ingekuwa muzima, leo ungelala kwa bibi yako. Sasa utakaa na mi mpaka nipate ingine. Panda."

Zuberi alishtuka. Alimtazama Eugène, akatazama zile buji, akafungua mdomo. Mwanahamisi akamshika mkono, akambana mpaka vidole vyake vikabadilika rangi, na mdomo ukafungwa. Eugène alimshukuru mwanamke yule, na papo hapo alimchukia. Akapanda lori na sufuria yake.

Walishika njia ya Fizi kwenda Lulimba, lori likidondosha oili kilometa baada ya kilometa. Alasiri waliingia Fizi. Eugène aliiona nyumba yake kabla hawajaifikia, na Fanny yuko nje kando ya barabara, anaanua muhogo kabla mvua haijafika. Alikuwa amekonda.

Angemwona, angekimbilia lori, na Eugène alishaona askari hawa wanavyowafanya watu wanaokimbilia lori. Akajilaza chini kati ya viatu vyao, uso kwenye mbao, akaziba mdomo kwa kitambaa chake cha kazi. Alimsikia akimfukuza mbuzi kwenye muhogo, kwa sauti yake ileile ya ukali. Lori halikupunguza mwendo.