Kijito cha Darasa la Nne

Kila asubuhi, kipindi cha kwanza, Mwalimu Josephat aliandika hesabu ubaoni, akakung'uta chaki mikononi, akamtuma Ikupa maji. Shule iko mlimani juu ya Itumba, bomba lilikwisha kukauka, na nyumba za walimu hupika kama nyumba nyingine. Darasa la nne lilikuwa na watoto arobaini. Alitumwa Ikupa kwa sababu hamwagi, halalamiki, na ana adabu. Angekuwa mtundu, angebaki darasani akasoma.

Alishuka na dumu hadi kwenye kijito cha bondeni, akapiga magoti, akasema shikamoo, ndipo akachota. Bibi yake alimfundisha hivyo: maji yalikuwepo kabla yako, na mkubwa huamkiwa kabla ya kuombwa. Ikupa aliamkia pia mawe, mbuzi wa jirani na mlango wa choo, lakini hao hawakuitikia. Kijito kiliitikia marahaba, safari zote mbili za kila asubuhi.

Siku moja kikamuuliza wenzake wanasoma nini saa hizi.

"Kugawanya," alisema Ikupa. "Mimi sijui kugawanya."

Alikieleza kwamba mtihani wa darasa la nne ni Oktoba, na asiyefaulu hurudia. Hilo lilimkosesha usingizi, maana rafiki zake wote wangekwenda la tano.

Jumatatu moja ya Agosti kijito kikamfuata. Kilipanda mlima nyuma yake taratibu, kikapumzika kwenye kona mbili, kikalala chini ya dirisha la darasa. Mwalimu Josephat alitoka, akaonja, akasema ni maji mazuri. Watoto walikatazwa kuyakanyaga. Jioni mama yake Ikupa, Tusekile, alisikia habari hiyo akachemsha magimbi kwa furaha, kwani sasa mwanawe angekaa darasani.

Kesho yake Ikupa alikaa kwenye dawati, penseli imechongwa. Mwalimu aliandika tisini na sita gawanya kwa nne, akakung'uta chaki, akatazama dirishani.

"Ikupa, maji si yamefika? Nenda kafue mashuka yangu."

Basi akafua. Jumatano aliosha masufuria, Alhamisi akapiga deki. Kijito kilibaki dirishani kikisikiliza, na kufika Septemba kilikuwa kinagawanya hadi hesabu zenye baki. Kilijitahidi kumfundisha Ikupa akiwa anasuuza, lakini maji hayajui kurudia: akiomba neno lisemwe tena, lilikwisha kushuka bondeni. Kilimhurumia sana. Huruma haikumsaidia kitu.

Oktoba walifanya mtihani wote. Kijito kilipanga majibu kwa changarawe juu ya kizingiti cha dirisha, msimamizi akayanakili. Ikupa alijibu alichoweza. Penye kugawanya aliandika jina lake, kwa mwandiko mzuri.

Matokeo yalipotoka, kijito kilikuwa cha tatu. Ikupa alitakiwa kurudia.

Tusekile alijifunga kitenge akaenda shuleni. Alimwamkia mwalimu, akaulizwa habari za shamba, akajibu ni njema, kisha akauliza alichokuja kuuliza.

"Mwalimu, mwanangu ulimfundisha saa ngapi?"

Mwalimu Josephat hakukasirika. Alimvutia kiti.

"Mama Ikupa, mbona kijito kimeelewa? Tena chenyewe kilikuwa nje."

Tusekile aliinuka kitini. Alishukuru, kwa kuwa ndivyo mtu anavyoagana na mwalimu, akalia njia nzima hadi nyumbani.

Januari kijito kikahamia dirisha la darasa la tano, upande wa pili wa uwanja. Ikupa alirudi la nne, akakaa mbele kabisa, pamoja na watoto aliowazidi kimo. Mwalimu Josephat alimkaribisha kwa upole. Aliandika hesabu ya kwanza ya mwaka, akakung'uta chaki, akampa ndoo. Alimwambia asiwe na wasiwasi. Uwanja ni hatua hamsini tu, hatapitwa na mengi.