Matanga ya Jikoni

Alhamisi saa nne asubuhi Nyiraneza alikuwa chumba cha kufulia, katika nyumba ya ghorofa kule Nyarutarama, mjini Kigali, akipiga pasi mashati ya bwana wa nyumba. Yalikuwa saba, yote meupe. Ekuteri moja ya simu ilikuwa sikioni, nyingine ikining'inia kifuani, maana sikio la pili lilipaswa kubaki wazi kwa ajili ya kuitwa. Kwenye simu, Générose alikuwa anaanza kipindi.

"Kama umesimama, kaa chini," alisema Générose, kama anavyosema kila Alhamisi. "Kama hawakuruhusu kukaa, egemea ukuta."

Nyiraneza aliegemea ukuta.

Podikasti hiyo iliitwa Kaa Chini. Générose aliitengeneza kwenye kibanda chake cha ushonaji, katika soko la Kimironko, na nyuma ya sauti yake ulisikia cherehani za majirani zikikimbia. Alikuwa amefanya kazi za ndani miaka kumi na moja kabla ya kujifunza kushona. Alisema Kiswahili ili wamwelewe na wale waliotoka Bukavu na Bujumbura, na mambo aliyoyasema yalikuwa ya kawaida: namna ya kutoa doa la mvinyo kwenye kitambaa cha meza, namna ya kumjibu mtoto wa bosi anayekutukana, dawa ya mgongo. Mwishoni alisoma ujumbe wa wasikilizaji, mmoja mmoja, bila haraka. Nyiraneza hakuwa na rafiki hata mmoja Kigali, lakini aliwajua Winifred wa Kacyiru, ambaye miguu yake ilivimba, na Rwema, mlinzi wa usiku aliyelea mabinti wawili kwa simu. Aliwajua kuliko alivyomjua jirani wa ukuta wa pili.

Alipofika shati la tano, kaka yake Ndayisaba alipiga kutoka nyumbani kwao, milimani juu ya Kamembe. Mama yao alikuwa amefariki jana jioni. Watamzika Jumamosi saa nane mchana.

Nyiraneza alichomoa pasi kwenye umeme. Kisha aliirudisha, akamaliza mashati mawili yaliyobaki, kwa sababu hakujua mikono ifanye nini kingine.

Mwenye nyumba aliitwa Peace, ila Nyiraneza alimwita Mama Ganza, kwa jina la mwanawe wa kwanza anayesoma ng'ambo. Peace alikulia Bukoba, alisema Kiswahili kizuri, na hakuwahi kumpigia mtu kelele. Alifanya kazi katika shirika linalotetea haki za wafanyakazi wa majumbani. Aliporudi jioni, alimsikiliza Nyiraneza mpaka mwisho, akamshika bega.

"Pole sana, mwanangu. Mama ni mama."

"Asante, Mama Ganza. Nilikuwa naomba niondoke kesho na basi la asubuhi."

"Kesho?" Peace aliondoa mkono begani. "Lakini Jumamosi nina wageni. Tunazindua ripoti yetu, watu ishirini na wawili. Nilikwambia tangu mwezi uliopita."

"Uliniambia."

"Basi unaona mwenyewe. Nenda Jumatatu."

"Jumatatu atakuwa ameshazikwa."

"Kaburi halihami, Nyiraneza," alisema Peace kwa upole, akaenda kuoga.

Kitambulisho cha Nyiraneza kilikuwa ndani ya kabati la chumba cha Peace tangu siku alipoanza kazi, kisije kikapotea. Mlinzi wa getini, Munyaneza, alikuwa na amri ya kutomfungulia mpaka Peace aseme. Ijumaa asubuhi Nyiraneza alikwenda getini hata hivyo, na begi mkononi. Munyaneza aliangalia begi, akaangalia viatu vyake mwenyewe. Alisema ana watoto wanne. Nyiraneza alirudi ndani akaosha mboga za isombe, na majani hayo ya muhogo aliyatwanga kwa nguvu mpaka kinu kikapasuka.

Kabla ya kulala alimrekodia Générose ujumbe. Hakumwomba kitu. Alisema tu jina la mama yake, siku ya mazishi, na idadi ya wageni.

Jumamosi haikuwa siku ya kipindi, lakini saa tatu asubuhi Générose alitoa kipindi kirefu, cha kutwa nzima. Cherehani zote za soko zilikuwa zimenyamaza. Aliuweka ujumbe wa Nyiraneza wote usikike, kisha akasema, "Mwenzetu ana msiba na hana wa kukaa naye. Kaeni naye."

Nyiraneza alikuwa jikoni anamenya viazi. Alipoinua kichwa, Winifred wa Kacyiru alikuwa amekaa juu ya gunia la mchele, na aproni yake imelowa. Miguu ilikuwa imevimba kweli, kama alivyokuwa akisimulia.

"Wihangane, dada," alisema Winifred, ambayo ndiyo pole ya huku, akachukua kisu cha pili.

Baada yake alikuja mwanamke mwenye mtoto wa mtu mwingine mgongoni. Kisha wawili wa Kimihurura, wakiwa na glavu za kuoshea vyoo, ambazo walizivua na kuziweka nje ya mlango. Kisha Rwema, akakaa karibu na jiko la gesi, kofia juu ya magoti. Hakuna aliyepitia getini. Kila aliyekuwa anasikiliza alijikuta amekaa pale, na huko alikotoka mikono yake iliendelea kudeki na kupangusa, kwa hiyo hakuna bosi aliyegundua pengo. Kufikia saa tano walikuwa arobaini na mmoja. Jikoni hapakutosha. Wengine walikaa chumba cha kufulia, na wengine kwenye ngazi za nyuma, na sauti zao zilikuwa za chini kama za watu wa matangani popote. Waliuliza mama alikuwa mtu wa namna gani. Nyiraneza aliwaambia alikuwa anauza dagaa na alicheka kwa mdomo uliofungwa kwa sababu ya meno. Walicheka kidogo, wakalia kidogo, na viazi viliisha kumenywa.

Peace aliingia saa sita kuangalia maandalizi. Aliwapita Rwema na yule mwenye mtoto mgongoni, akafunua sufuria.

"Isombe iko na chumvi?"

"Iko, Mama Ganza."

"Ni wa kwenu hawa?"

"Ni wasikilizaji."

"Karibuni," Peace aliwaambia. "Poleni na msiba. Msikae mbele ya friji tu."

Wageni walipoanza kufika, Nyiraneza alimuuliza Winifred kile alichokuwa anakifikiria tangu asubuhi. Kama wao wameweza kuja huku, yeye hawezi kwenda kule?

"Unafika tu penye mtu anasikiliza kipindi," alisema Winifred. "Iko mtu kule anasikiliza?"

Nyiraneza alimpigia kaka yake. Nyuma ya Ndayisaba kulikuwa na nyimbo za kanisani.

"Kaka, simu yako ina intaneti?"

"Hii ya tochi? Hapana."

"Na mwalimu? Mwalimu si ana simu kubwa?"

"Anayo. Lakini huku juu mtandao wa intaneti haufiki, Nyira, unajua. Wewe uko wapi? Padri ameshafika."

"Niko jikoni."

Ndayisaba alisema ataishika simu juu, asikie. Nyiraneza aliweka sauti ya simu juu, na watu arobaini na mmoja wakaacha kuongea. Walimsikia padri. Walisikia jeneza likiguswa na kamba. Walisikia koleo la kwanza la udongo, na la pili.

"Nyiraneza," aliita Peace kutoka sebuleni. "Barafu."

Hakwenda. Koleo la tatu likashuka.

Peace alikuja mwenyewe mpaka mlangoni. Hakukasirika. Alisema tu kwamba wageni wanakunywa soda za moto, na ni aibu, na ni dakika moja. Mmoja wa wale wa Kimihurura alisimama kwenda badala yake, lakini Peace alisema hapana, wageni wanamjua Nyiraneza.

Nyiraneza alichukua barafu, akapeleka. Kwenye sebule mtu alikuwa anasoma kwa sauti ukurasa wa ripoti kuhusu staha ya mfanyakazi, na watu walikuwa wanatikisa vichwa kukubali. Alidondosha vipande viwili viwili katika kila glasi. Zilikuwa glasi ishirini na mbili. Aliporudi jikoni simu ilikuwa imekatika, na wenzake walikuwa wamepanga mstari kwenye sinki ya vyombo, wananawa mikono, kama watu wanavyofanya wakitoka makaburini. Walikuwa wamemwachia nafasi ya mbele.

Alinawa. Hasira aliyokuwa nayo ilikuwa kubwa kiasi kwamba maji ya bomba yalitoka yakichemka, na wote waliofuata ilibidi wapulize vidole.

Mgeni mmoja, Bruce, ambaye ndiye aliyeandika ripoti, aliingia kutafuta kifungulio cha chupa. Aliwasalimu wote. Aliuliza hiki ni kikundi gani, nani anakiongoza, wanakutana mara ngapi. Alikuwa na daftari dogo na aliandika kwa adabu, akiuliza kila jina linaandikwaje.

"Hii ni kitu kizuri sana," alimwambia Peace aliyemfuata jikoni, huku bado anaandika. "Wanafarijiana wenyewe. Bila gharama kwa mwajiri."

"Nyiraneza, umesikia?" alisema Peace, na macho yake yalikuwa na machozi ya kweli. "Umeona ulivyo na watu?"

Wasikilizaji waliondoka saa kumi na mbili, mmoja mmoja, kila mtu kipindi kilipomwishia. Walikuwa wameosha vyombo vyote.

Jumatatu Nyiraneza alivaa nguo za safari na kwenda kumkumbusha Peace. Kule nyumbani siku ya kuondoa matanga ilikuwa haijafika; angewahi. Peace alikuwa anakunywa kahawa na amevaa tayari kwenda ofisini.

"Lakini matanga umeshakaa," alisema.

"Nilikaa hapa."

"Na watu arobaini! Mimi mama yangu alipofariki sikupata watu arobaini." Alimtazama kwa huruma. "Umeshafarijika, mwanangu. Safari itakutonesha tu kidonda. Subiri Krismasi."

Nyiraneza alikuwa ameshika sahani ya mayai. Aliiachia. Ilipasuka vipande vingi na yai moja likafika hadi kwenye zulia. Peace alitazama zulia, akasema fagio liko nyuma ya mlango, na kwamba hatalipishwa sahani, kwa kuwa ana msiba.

Ndani ya mwezi mmoja ripoti ilitoka toleo la pili, na Kaa Chini ilikuwa ndani yake, ukurasa mzima. Mabosi wa Nyarutarama walitumiana kiungo cha kipindi. Wengine waliwanunulia wafanyakazi wao ekuteri mpya. Kulikuwa na bibi mmoja aliyeandika kwenye mkataba kwamba mfanyakazi akifiwa atapewa saa mbili za kusikiliza, jikoni, mradi chakula kisichelewe. Aliposifiwa, mabosi wenzake waliuiga mkataba huo. Wasikilizaji walikuwa wanakuja majikoni mpaka wanajaa: harusi za ndugu, vipaimara, vifo vya watoto wachanga, yote yakahudhuriwa na wageni wapole waliokaa juu ya magunia, na hakuna mfanyakazi aliyepewa ruhusa ya kwenda popote.

Nyiraneza alimpigia Générose sokoni.

"Dada Générose, ungeacha."

"Niache nini?"

"Kutufariji."

Cherehani ya Générose ilisimama. "Wameanza kunipigia simu wao," alisema. "Mabosi. Wananishukuru. Jana mmoja aliniletea keki hapa kibandani. Niliitupa, halafu nikaiokota nikawapa majirani, kwa kuwa ilikuwa keki nzuri." Kisha akauliza, "Nikiacha, watawapa ruhusa?"

"Oya, hawatatupa."

"Basi."

Cherehani ikaendelea.

Alhamisi iliyofuata, saa nne na nusu, Nyiraneza alikuwa anakunja mashuka. Générose alitaja jina la Gwiza, anayefanya kazi Kacyiru, ambaye baba yake alikuwa anazikwa siku hiyo wilayani Ngoma. Nyiraneza alijikuta amekaa sakafuni katika jiko dogo lenye vigae vya bluu, mgongo kwenye kabati. Walikuwa wameshafika kumi hivi. Gwiza alikuwa msichana wa miaka kama kumi na tisa, amevaa sweta kinyume, anakata vitunguu na kulia, na haikuwezekana kujua machozi yapi yanatokana na nini. Winifred alikuwa ameshaanza kumpangusa uso. Alimwambia pole, alimwambia tulia mdogo wangu, tuko hapa, yatapita.

"Asitulie," alisema Nyiraneza.

Winifred aligeuka. Wote waligeuka. Nyiraneza hakuwa mtu wa kuongea sana.

"Gwiza, usitulie. Ukitulia wataandika kwamba umepona." Alisogea mpaka karibu naye, akamshika mkono wenye kisu, kwa nguvu, kama mtu anayeshikilia mlango usifungwe. "Lia mpaka wasikie. Tutalia na wewe. Lakini usitulie."

Gwiza alilia. Hakulia kama mwanzo. Alipaza sauti, na Nyiraneza akapaza yake, kisha Winifred, kisha wengine, na wale waliofika baadaye walianza kupiga yowe kabla hawajakaa vizuri. Vigae vya bluu vilibanduka ukutani kimoja kimoja, vikaanguka. Sauti ilitoka dirishani, ikapita juu ya barabara ya ofisi, na watumishi wa ofisini waliokuwa wanatafuta pikipiki waliinua vichwa, wakaamua ni msiba, wakaendelea.

Bosi wa Gwiza alikuja mlangoni na miwani kichwani. Alisubiri kwa heshima mpaka walipovuta pumzi. Aliwapa pole wote, pamoja na wale waliokuwa kwenye ngazi. Kisha akauliza kama chai iko tayari.

Ilikuwa tayari. Gwiza aliipeleka akilia.