Kitanda Kinacholia kwa Herufi Nene

Vitanda vilijaa karakanani mpaka seremala akawa anapita ubavu. Asipopata mnunuzi, atarudi kuajiriwa na kaka yake, yule anayemkejeli kwa kumwita "mkurugenzi" mbele za watu.

Mkewe akamfungulia ukurasa mtandaoni. Alikwisha jifunza kwamba alama ya reli (#) mwanzoni mwa mstari huufanya kichwa cha habari, na kistari hupanga orodha. Habari ya nyota, kwamba mbili huku na mbili huku hunenepesha maneno, alimweleza mumewe mashine ya kuranda ikinguruma, naye akaitikia, "Ee, nimesikia," kama waume wanavyosikia.

Shida ni kwamba mama huyu hajui kusifia uongo. Aliandika: kitanda cha mbao ngumu, kimepigwa msasa vizuri, ila kinalia mtu akijigeuza. Akampa mumewe simu asome.

Jasho likamtoka. Kufuta maneno ya mkewe ni kujitafutia kununiwa wiki nzima. Basi akafanya kama afanyavyo kwenye mbao, ambako kipande cha kukatwa hukitia nyota za chaki huku na huku. Akaweka nyota mbili kabla ya "kinalia" na mbili baada ya "akijigeuza", ili mama akate mwenyewe.

Mkewe alipoziona, uso ukamlainika. "Kumbe na wewe ukweli unautaka utiliwe mkazo. Nilikudharau bure, baba."

Akachapisha. Seremala, ambaye hajasifiwa tangu harusi, hakuthubutu kuuliza kasifiwa nini.

Aliona jioni: maneno yale yamenenepa, meusi kama masizi. Kaka akapiga simu kucheka tu. Seremala akashinda na gundi, akivikaza vitanda kimoja kimoja mpaka vikanyamaza.

Ndipo akaja mlezi wa bweni la wasichana, funguo kiunoni. Akalala kitandani, akajigeuza. Akahamia kingine.

"Mbona havilii?"

"Nimevitengeneza, mama," seremala akajibu, kifua mbele.

Mlezi akainuka taratibu. Akaeleza kuwa wasichana wake hutoroka usiku, na vitanda vya madukani haviwasemi. "Ni wewe tu uliyeandika wazi, tena kwa herufi nene. Nikajua nimempata fundi."

Seremala akaomba wiki moja. Mchana kutwa akabandua gundi na kulegeza viungo, mkewe akijigeuza juu ya kila kitanda, sikio kalitega.

"Hiki bado kimya, baba," akasema. "Usinifanye niandike uongo."